Teria wa Kongo na ndugu zake wa Chimala

Mpunga ukishavunwa Usangu na majaruba yakaanza kukauka, mbwa wa Chimala, mkoani Mbeya, huingia kwenye msimu wao. Panya wamehamia kwenye matuta yanayogawa majaruba, na kila tuta lina matundu. Mbwa anapita juu yake taratibu, pua chini, anayaruka matundu matatu manne bila kuyajali, kisha anasimama kwenye moja. Masikio yanaelekea mbele. Anaingiza pua, anapiga chafya ya vumbi, anasikiliza, halafu anaanza kuchimba kwa miguu ya mbele huku udongo ukirukia nyuma. Watoto wenye jembe hawamwambii neno. Mmoja wao anazunguka upande wa pili kuziba tundu la kutokea, maana panya wa tutani hana mlango mmoja.

Mtazame mbwa huyo akiwa kazini. Ni mdogo, mgongo wake unafika gotini kwa mtu mzima. Manyoya ni mafupi, yamelala, mekundu ya kahawia, na vidole vyake ni vyeupe kama kifua. Masikio yamesimama. Mkia umejikunja kuelekea mgongoni. Mbavu zinaonekana, na mara nyingi hilo ni kosa letu wala si umbile lake. Pale Chimala utamwona kuanzia stendi mpaka chini ya mlima, mahali inapoanzia barabara ya kona 57 kupanda Matamba. Tunamwita mbwa wa kienyeji, na tukikasirika tunamwita mbwa koko.

Mwaka 1895 mbwa wawili wenye umbo la namna hiyo, waliochukuliwa Kongo, walipelekwa London na kuoneshwa kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts. Waingereza walitazama ukubwa wao, masikio yao na wepesi wao, wakatafuta katika mbwa wa kwao yupi anayewakaribia. Wakawaandikisha kuwa ni teria wa Kongo. Duniani leo mbwa hao wanajulikana kwa jina la basenji, na kuna watu wanaosubiri miezi mingi na kulipa fedha nzito ili wapate mtoto mmoja. Naamini kisa chao kinatuhusu watu wa Mbeya na Iringa kuliko tunavyodhani.

Kwanza teria mwenyewe. Ni mbwa wa Uingereza, na historia yake imeandikwa kwa muda mrefu. John Caius, tabibu Mwingereza, aliwataja katika kitabu chake cha mwaka 1570 kuhusu mbwa wa nchi yake, akieleza kwamba wanaingia mashimoni kumfuata mbweha. Kazi ndiyo iliyowaumba. Anayetaka mbwa wa kuingia shimoni anahitaji mwenye kifua chembamba, na hata leo wawindaji wa Uingereza hupima kifua cha teria kwa viganja viwili: vidole vikikutana pande zote, mbwa anafaa. Anahitaji pia mbwa jasiri, kwa kuwa ndani ya shimo hakuna wa kumsaidia. Na anahitaji mbwa mwenye kelele. Teria akimkuta mbweha chini ya ardhi hubweka bila kukoma, na walio juu wenye sepetu hufuata sauti hiyo kujua wachimbe wapi. Mtu anayelalamika kwamba teria wa jirani yake anabweka mchana kutwa na kuchimba maua, analalamikia sifa mbili ambazo wafugaji walizichagua makusudi kwa mamia ya miaka.

Aliye maarufu zaidi kati yao amebeba jina la mchungaji. John Russell, maarufu kama Jack, alizaliwa mwaka 1795 na kutumikia kanisa huko Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, lakini mapenzi yake makubwa yalikuwa uwindaji wa mbweha. Mwaka 1819, akiwa bado mwanafunzi Oxford, alimwona mbwa jike wa muuza maziwa na kumnunua papo hapo. Jina lake lilikuwa Trump. Alikuwa mweupe, mwenye mabaka ya kahawia kwenye macho na masikio, na doa moja dogo mkiani. Weupe ulikuwa na maana, kwa kuwa mbwa mwekundu akitoka shimoni angeweza kudhaniwa ni mbweha. Kutoka kwa Trump, Russell alijenga ukoo wa mbwa wa kazi. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha mbwa cha Uingereza mwaka 1873, lakini teria wake mwenyewe hakupenda kuwapeleka mashindanoni.

Teria wengine walitokea mahali pengine kwa kazi nyingine. Yule mdogo wa Yorkshire, ambaye siku hizi hufungwa utepe kichwani, alianza karne ya 19 miongoni mwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo, na panya walikuwa riziki yake. Airedale ndiye mkubwa wa ukoo, naye aliwahi kutumwa vitani kupeleka ujumbe. Tabia yao inafanana: hawakati tamaa, hawaogopi kikubwa, na wakishika jambo hawaliachi. Mbwa wa namna hiyo akikosa kazi hujitafutia.

Sasa linganisha na yule wa Kongo. Waingereza wa mwaka 1895 walipatia kwenye ukubwa na ujasiri. Walikosea kwenye sauti. Basenji habweki kama mbwa wengine. Huweza kutoa mlio mmoja mfupi akishtuka, na akifurahi hutoa sauti ndefu ya kupanda na kushuka inayokaribia kuimba, lakini kule kubweka mfululizo hana. Teria anatafuta chini ya ardhi na kumwita bwana wake kwa sauti. Mbwa wa msitu wa Ituri na mbuga za Uele huko Kongo anakwenda kimya kwenye majani yanayomzidi kimo, na bwana wake asingejua aliko. Watu walilitatua jambo hilo kwa kengele ya mbao. Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyefika kwa Wazande kati ya mwaka 1868 na 1871, aliandika habari za mbwa wadogo wa huko, wenye manyoya laini, masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, wakivaa kengele ndogo za mbao shingoni wasipotee katika majani marefu.

Kengele hiyo ilikuwa na kazi ya pili. Wambuti wa Ituri huwinda kwa nyavu: wanaume hutandaza nyavu kwa nusu duara porini, wengine hupita upande wa pili wakisukuma wanyama kuelekea huko. Mbwa wanaotembea na kengele husaidia kuwatoa paa wadogo vichakani na kuwakimbiza hadi wavuni. Kimya kinapotakiwa, kengele hujazwa majani. Wakati wa kelele ukifika, majani hutolewa. Mimi naiona kengele hiyo kuwa moja ya zana zenye akili kubwa kuliko zote alizotengeneza mwindaji wa Afrika, na haijapata sifa inayostahili.

Umbile la basenji linaeleza kazi hiyo vilevile. Dume ana urefu wa sentimita 43 hivi begani na uzito wa kilo 11, jike ni mdogo kidogo. Miguu ni mirefu kwa mwili wake, tumbo limekwenda juu, hatua zake ni ndefu na nyepesi. Kwenye paji la uso ana mikunjo myembamba inayojitokeza masikio yakisimama, nayo humpa sura ya mtu anayewaza deni. Mkia umeviringika kabisa na kulala ubavuni. Hujilamba mwili mzima mpaka akang'aa, na wanaomfuga husema hana harufu ya mbwa. Jike huingia kwenye joto mara moja kwa mwaka, tofauti na mbwa wengi ambao ni mara mbili.

Tabia yake haimfai kila mtu. Ana akili nyingi lakini si mtiifu kwa namna ambayo wenye mbwa wa polisi wangependa. Huwaza kwanza kama agizo lina maana. Msituni hiyo ilikuwa sifa, kwa sababu mbwa aliyeko mita mia mbili mbele ya bwana wake, nyuma ya miti, hana wa kumwuliza, ni lazima aamue. Ukimfungia ndani ya nyumba ya ghorofa huko Ulaya akiwa peke yake, atararua makochi na kupanda uzio wa waya.

Safari yake kwenda kuwa mbwa wa thamani ilikuwa ya vifo vingi. Wale wawili wa mwaka 1895 walikufa muda mfupi baada ya maonyesho. Ugonjwa ulikuwa distempa, ambao huanza kwa tongo na kamasi, ukaendelea kwa kuhara na kikohozi, na mwishowe kuingia kwenye ubongo na kuleta degedege. Mbwa wa Kongo walikuwa hawajawahi kukutana nao. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alitoa sita Sudan ya kusini na kuwafikisha Uingereza. Wote walikufa, safari hii baada ya kupewa chanjo ya distempa, ambayo enzi hizo ilikuwa bado ya kubahatisha. Ilibidi kusubiri mpaka mwaka 1937, Olivia Burn alipowapeleka Crufts mbwa wake kutoka Kongo. Umati uliotaka kumwona mbwa asiyebweka ulikuwa mkubwa kiasi kwamba polisi waliitwa kupanga watu.

Waliosalia na kuzaa walikuwa wachache sana, na hapo pakazuka tatizo la damu. Mwaka 1959 Veronica Tudor-Williams alisafiri hadi Sudan ya kusini kutafuta mbwa wapya na kurudi na jike mwekundu aliyeitwa Fula. Fula hakuwahi kuoneshwa mashindanoni, lakini karibu basenji wote waliosajiliwa ulimwenguni leo wana damu yake. Bado haikutosha. Basenji wa Marekani walianza kuonekana na ugonjwa wa figo unaoitwa Fankoni, ambapo figo humwaga sukari na chumvi kwenye mkojo badala ya kuzirudisha mwilini, na mbwa anakonda huku akinywa maji bila kuridhika. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walifunga safari hadi kaskazini mwa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa enzi hizo, wakaingia vijijini na kuomba watoto wa mbwa kwa wawindaji. Mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani kilikubali kufungua daftari lake ili mbwa hao waandikwe. Kipimo cha vinasaba cha ugonjwa ule kilianza kutumika mwaka 2007, na kilicho sahihi zaidi kikafuata mwaka 2011.

Jambo hilo linastahili kusomwa mara mbili. Watu wenye maabara, fedha na daftari za ukoo walirudi kwa wanakijiji wa Kongo kuomba damu yenye afya, na waliipata kwa mbwa ambao hakuna aliyewaandikia ukoo.

Mwaka 2009 ilitoka taarifa ya utafiti ulioongozwa na Adam Boyko, uliochunguza vinasaba vya mbwa zaidi ya 300 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Watafiti walikuta kwamba mbwa wengi wa vijijini, hasa wa Uganda, ni wenyeji halisi wenye utofauti mkubwa wa damu, na kwamba basenji anasimama pamoja na mbwa hao wa asili. Ridgeback, yule mbwa mkubwa wa kusini mwa Afrika anayeuzwa kwa sifa ya Uafrika wake, alikutwa na damu ambayo sehemu kubwa ni ya nje ya bara hili. Kwa hiyo unayetafuta mbwa wa asili wa Afrika, umbo la kumtafuta ni lile la mbwa mdogo mwekundu anayelala kivulini mwa mashine ya kukoboa mpunga.

Sisemi kwamba mbwa wa Chimala ni basenji. Huyu wa kwetu anabweka, na usiku unaweza kumsikia akijibiwa toka Chimala hadi Igurusi. Damu yake imechanganyika kwa miaka mingi: Usangu ni njia kuu, wapo Wasangu wenyewe, Wakinga na Wawanji walioshuka mlimani, Wanyakyusa, Wasukuma waliokuja na ng'ombe, wafanyakazi wa TAZARA, madereva wa malori wa Tunduma. Kila mmoja kaja na mbwa wake au kamwacha mmoja. Ninachosema ni kwamba kazi iliyomwumba inaonekana wazi ukimtazama. Pale chini anachimba panya na kulinda mifuko ya mpunga ghalani. Mlimani anakaa kwenye mahindi na kuwafukuza tumbili na ngedere, kazi inayotaka mbwa mwepesi na asiyechoka kurudi mahali palepale mara kumi kwa siku. Kwa wafugaji wa Mbarali anatembea na kundi mchana na kulala mlangoni mwa zizi usiku, na hapo sauti yake ina thamani kuliko meno yake, kwa kuwa fisi akisikia boma limeamka hugeuza.

Uwindaji ameuacha nyuma, au anapaswa kuuacha. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa mbwa bila kibali, na kwa mkoa unaopakana na hifadhi ya Ruaha katazo hilo lina sababu nzito.

Tabia yake nimeitazama kwa makini. Hana makuu. Hupima mtu kwa mbali kabla ya kusogea, hukumbuka aliyempiga, na katika nyumba yenye watoto huchagua mmoja na kumfuata. Ukimwita huja nusu ya njia na kusimama kukutazama. Wengi huona huo ni ujinga. Mimi naona ni busara ya mnyama ambaye kati ya kila mikono kumi aliyoisogelea, kadhaa ilikuwa na mawe.

Siku hizi matangazo ya watoto wa mbwa wa kizungu yanapita kwenye simu kila siku, na teria wadogo weupe wenye mabaka wamo. Nawaelewa wanaowapenda, kwa kuwa ni mbwa wachangamfu na wana moyo mkubwa kuliko mwili wao. Lakini anayemnunua kwa sura na kumfungia bandani kuanzia asubuhi mpaka jioni hajui alichonunua. Teria asiye na kazi atachimba msingi wa uzio, atabweka mpaka majirani wafike kwa balozi, na kuku wa mtaa mzima watakuwa mashakani. Mwenye ghala la mpunga lenye panya, uwanja mpana na muda wa kutembea naye anaweza kumfuga vizuri. Wengine wote, nawashauri kwa moyo wote wachukue mtoto wa kienyeji wa wiki nane, mwenye macho maangavu na tumbo lisilojaa minyoo, wamlishe na kumtunza kwa gharama ileile waliyokuwa tayari kuitumia kwa yule wa kizungu. Matokeo yatawashangaza. Ule ukondefu na woga tunaodhani ni asili yake huondoka akila na kuacha kupigwa.

Gharama yenyewe ni ipi? Dawa ya minyoo, dawa ya kupe, na chanjo. Hapo kwenye chanjo ndipo tumewaangusha mbwa wetu na kujiangusha wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 1,500 Tanzania kila mwaka, wengi wao watoto wa vijijini. Kinazuilika. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kusambaa. Pemba walifanya hivyo: kichaa kikatoweka, kikarudi, wakachanja tena na kukiondoa tena.

Distempa, ile iliyowaua teria wa Kongo kule London, nayo haijatuacha. Mwaka 1994 iliingia kwa simba wa Serengeti na kuua karibu theluthi moja yao, takriban simba 1,000, na chanzo kilihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Sisi wa Usangu tunaishi mlangoni pa Ruaha, hifadhi iliyopanuliwa mwaka 2008 mpaka ikaichukua mbuga yetu ya Usangu, na ndani yake wamo mbwa mwitu, mnyama ambaye Afrika nzima amebaki kwa maelfu machache. Mbwa wetu akienda kunywa maji kwenye kinamasi cha Ihefu akiwa mgonjwa, anayapeleka maradhi kwa jamaa yake ambaye hakuna anayeweza kumpigia sindano kirahisi.

Mtoto wa mbwa akifikisha miezi mitatu mpeleke kwa ofisa mifugo wa kata akapate chanjo ya kichaa, na urudie kila mwaka. Kila Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, kampeni nyingi hutoa chanjo hiyo bure, uliza kijijini mapema. Mtu akiumwa na mbwa, hata kama ni mbwa wa nyumbani na jeraha ni dogo, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo bila kungoja kuona mbwa atafanya nini. Na watoto wanaokwenda na mbwa kwenye majaruba baada ya mavuno wafundishwe jambo moja zaidi: akiwa ameingiza pua kwenye tundu na masikio yameelekea mbele, wasimshike mkia wala mgongo. Hapo yuko kazini, na anaweza kuuma kabla hajajua ni mkono wa nani.